Mawe Niliyoyataja na Mawe Niliyoyaficha

Anzeni na masikio. Mlipokuja kwangu wiki iliyopita, nyinyi wanafunzi watano wa biolojia, na miwani yenu ya kuzamia ambayo bado ilinuka duka, mliuliza kwanza habari za samaki. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za masikio. Sikio langu la kushoto limekufa, ndiyo maana nilikuwa nawageuzia upande mmoja wa uso kama kuku anayetazama punje. Mkiteremka majini, kila urefu wa mkono mmoja, baneni pua na msukume hewa taratibu mpaka sikio lifunguke. Lisipofunguka, pandeni kidogo mjaribu tena. Msishindane nalo. Mimi nilishindana nalo siku moja kwa sababu nilikuwa nawaza jambo lingine, na miaka yangu yote chini ya maji nimekuwa nikiwaza jambo lingine.

Mlitaka niwaonyeshe yale mawe ya mtoni, juu ya Kindu, ambako zamani, kama mlivyosikia, mtu aliweza kuona samaki wakilinda mayai yao. Mnataka kuyaandikia kazi yenu ya mwisho. Niliwajibu kwamba mawe hayo yamekufa, nikawapa viti, nikawapa maji ya kunywa. Hamkuridhika, na mlikuwa na haki. Nimeandika jibu refu. Mawe hayo niliyaua mimi, na nitawaeleza namna gani, kwa sababu kuna jambo la pili lililofuata ambalo ni baya kuliko hilo.

Nilikuwa na umri wenu vita vilipoanza. Nilitoka Kisangani kwa miguu, nikipitia Lubutu, na diploma yangu ya biolojia ndani ya mfuko wa plastiki kifuani. Kila tulipopumzika niliitoa, nikaikunjua, nikahakikisha kwamba jina ni langu. Nilipofika Kindu ilikuwa imekatika kwenye mikunjo yote, si kwa mvua wala kwa wanajeshi, bali kwa kuhakikishwa. Mjini hapakuwa na kazi. Garimoshi lilikuwa limeacha kuja, mashua kubwa haziteremki wala hazipandi, na shuleni walimu walikuwa wanalipwa kwa vikombe vya mchele ambavyo wazazi walileta wakiwa navyo.

Mtu aliyenichukua ni Papa Ramazani wa mtaa wa Kasuku. Kabla ya vita alikuwa mzamiaji wa karakana ya bandari: alikagua matumbo ya mashua na kukata kamba zilizonasa kwenye panga za mashine. Mwenzake alikuwa amekimbilia porini na hakurudi. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaona mtu mwembamba anayejikuna kwa wasiwasi.

“Wanasema weye ulisoma samaki.”

“Ndiyo, Papa.”

“Njo vizuri. Samaki iko chini. Vaa.”

Kazi yenyewe ilikuwa kutoa vitu kwenye mashua zilizozama: minyororo, mapipa, vipande vya chuma, mara moja cherehani nzima. Chupa za hewa za karakana zilikuwepo mbili, lakini mashine ya kuzijaza ilikuwa imekufa. Kwa hiyo tulipumua kwa bomba la mpira lililotoka kwenye kompresa ya fundi wa matairi, iliyowekwa ndani ya mtumbwi. Mafuta ya dizeli hayakupatikana, ile mota tukainywesha mawese. Moshi wake ulirudi kwenye hewa yetu, na hewa ikanuka kama mama anayekaanga mandazi. Mimi huenda ndiye mzamiaji pekee aliyelia njaa kwenye sakafu ya mto Lualaba. Kiunoni tulifunga vipande vya reli ili tuzame, maana reli hazikuwa na kazi nyingine.

Jueni kwamba mto wetu hauonyeshi kitu. Maji ni ya rangi ya udongo, na ukishuka mara mbili ya urefu wako, mkono wako mwenyewe haupo. Kwa hiyo wanyama niliowajua miaka ile niliwajua kwa ngozi. Kambale ni utelezi na ndevu. Samaki mwenye mdomo mrefu kama mkonga hugusa shingo yako kidogo kidogo kama mtu anayetafuta funguo gizani. Kiboko humsikii kwa sikio, unamsikia ndani ya kifua, na ukishamsikia unatoka bila kuuliza yuko umbali gani. Kwa mamba, Papa Ramazani alikuwa na sheria moja: usizame siku mbili mfululizo mahali pale pale, saa ile ile, kwa sababu mamba anashika ratiba kuliko mkuu wa kituo cha garimoshi.

Siku yangu ya tatu niliweka mkono chini ya bati na mwili wote ukapigwa. Nilidhani wanajeshi wametupa bomu majini. Nilipanda juu nikiwa nimeacha bomba, mkanda na akili. Papa Ramazani alinishika kwenye kola.

“Njo nini?”

“Kitu kimenipiga, Papa. Kama umeme.”

“Samaki wa umeme. Miaka mingapi ulisoma?”

“Mitano.”

“Na hukumujua?”

“Kwenye kitabu hapigi.”

Alicheka mpaka mtumbwi ukaingiza maji. Tangu siku hiyo niliitwa Profesa, na kwa mtu wa bandari hilo si jina la heshima.

Aliyebaki juu ndiye aliyeshika kamba. Mvuto mmoja ni kusema nipo. Miwili, niongezee bomba. Mitatu, nivute sasa hivi. Niliogopa kushika kamba kuliko kuzama, kwa sababu mkononi mwangu kila kitu kilikuwa mvuto wa tatu. Siku moja nilimvuta Papa Ramazani kwa nguvu zote, akatoka majini akiwa amekumbatia pipa ambalo alikuwa amelihangaikia asubuhi nzima, na pipa likamponyoka, likarudi chini.

“Nani alikuita?”

“Kamba ilivuta mara tatu.”

“Kobe alikuwa anapita juu ya kamba. Kobe naye anajua kuhesabu?”

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi, kwa matusi na mawese.

Mawe tuliyapata kiangazi kimoja tukitafuta nanga iliyopotea juu ya mji, mahali ambapo kijito cha msituni kinaingia mtoni. Maji ya kijito hicho yalikuwa meusi kama chai ya rangi lakini safi, na pale yalipoingia, udongo wa Lualaba ulirudi nyuma hatua chache. Nilishuka kama kawaida, macho wazi bila faida, kisha nikaona kiwiko changu, halafu vidole, halafu miguu yangu yote miwili imesimama juu ya jiwe. Nilishtuka kana kwamba nimekuta mtu.

Mbele yangu kulikuwa na samaki wa urefu wa kiganja juu ya jiwe bapa. Chini yake mayai yamegandana, ya manjano, madogo kama matone ya mawese. Alikuwa anayapepea kwa mapezi. Nyuma kidogo alisimama mwenzake. Wa kwanza alipokwenda kula, wa pili aliingia mahali pake bila kuacha nafasi kati yao. Jiwe la pili vilevile. La tatu vilevile. Niliposogeza kidole yule samaki alikiuma. Hakuna maumivu, lakini nilimwomba radhi ndani ya bomba.

Nilisahau nanga, nilisahau kujibu kamba, wakanivuta.

“Nanga iko?”

“Papa, huko chini kuna samaki wanaolinda—”

“Nimeuliza nanga.”

Lakini kesho yake, kwa saa nyingine, alinirudisha pale pale, na keshokutwa, akisema bado tunatafuta nanga, ingawa wote wawili tulijua tumeshaipata. Kila wiki ya kiangazi, kazi ikipungua, alinipa nusu saa. Nilikuwa na daftari. Nilichora kila jiwe na kila ufa, nikiwa na hakika kwamba vita vikiisha nitarudi chuoni na daftari hilo. Mjini watu walikuwa wanazikwa kwa mikeka iliyochanika, na mimi nilikuwa nahesabu mayai. Nimewaza sana kama ilikuwa aibu. Bado sijamaliza kuwaza. Najua tu kwamba bila mawe yale nisingevuka miaka ile na akili timamu.

Kwenye nyufa hizo vidole vyangu vilikuta mchanga mweusi mzito. Mzamiaji yeyote wa Maniema anajua mchanga huo unakaa na nini. Nilimpelekea Papa Ramazani kiganja kimoja. Aliutazama, akautupa mtoni.

“Ile hukuona. Miye pia sikuona. Wenye bunduki wakijua, watatuweka chini mpaka tuote mapezi.”

Baadaye tulipata mahali pa pili, penye kijito chake, mawe yake, samaki wake na mchanga wake mweusi. Papa Ramazani aligeuza mtumbwi. Sitawaambia upande gani wa mto. Alikufa kitandani kwake, kwa uzee, miaka michache baada ya amani, na kuanzia hapo mahali pale palijulikana na mtu mmoja.

Amani ilileta draga za kuchimba dhahabu mtoni. Mmeziona: mapipa yaliyofungwa pamoja, kibanda juu yake, kompresa, na pampu yenye bomba nene kama paja linalonyonya kokoto kutoka chini. Mzamiaji ndiye anayelielekeza bomba hilo. Upande wa Kama, mbali na Kindu, wanachimba kwenye mchanga, na mchanga chini ya maji hauna subira. Unafanya shimo, unaingia ndani ya shimo, na kuta zinasimama kwa muda ambao hazikuambii.

Sefu, mdogo wangu, mziwanda wa mama yetu, alikwenda huko. Kuzama nilimfundisha mimi. Masikio yake yalifunguka haraka, hakuwa na woga, na alipokuwa juu hakuwaza kitu zaidi ya wali na kandanda. Nilimwonea wivu. Siku moja alirudi Kindu na mifuko miwili ya nguo isiyokuwa yake. Alikuwa anaipeleka kwa familia za wenzake waliofunikwa na mchanga. Alipomaliza kuipeleka, akaanza kufunga wake ili arudi.

Mama aliniita jikoni.

“Weye njo ulimupa maji. Sasa umutoe mu maji, ao umupe maji ingine.”

Niliwaza siku tisa. Nilipanga sababu upande huu na upande ule kama mtu anayepanga mahindi. Mwamba hauangukii mtu, hilo lilikuwa wazi. Kwenye yale mawe mzamiaji angesimama kwenye kitu kigumu, anaona mikono yake, karibu na mji, karibu na mama. Siku ya kumi nilimwita Sefu na kumfungulia daftari.

“Yaya,” akasema, yaani kaka mkubwa, “dhahabu iko hapa?”

“Iko.”

“Na ulijua tangu lini?”

“Tangu vita.”

Alicheka mpaka akakaa chini. “Sisi tunakufa kule, na weye unawekea samaki akiba.”

Sefu alimleta mwenye draga, nami nikamwomba asubiri mpaka mayai yaanguliwe. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza tarehe, akaiandika kwenye kiganja kwa kalamu. Walianza Jumatatu iliyofuata.

Nilishuka mara moja baada ya hapo. Msiniulize kwa nini. Mawe yalikuwa yamegeuzwa, matumbo yao meupe juu, na kinywa cha kijito kilikuwa tope. Kwa kupapasa nilipata jiwe bapa moja ambalo hawakuligeuza. Lilikuwa limenyonywa mpaka likawa laini, halina hata yai moja. Juu yake niliona kivuli kikitikisika. Samaki alikuwa bado anapepea. Niliposogeza kidole, akakiuma.

Siku hiyo nilikuwa nimeshuka bila kubana pua, bila kusubiri, na sikio lilikuwa limepasuka. Ndivyo kazi yangu ilivyokwisha.

Lakini Sefu aliishi. Hilo nililishika. Alioa, akajenga nyumba ya mabati karibu na mama, akazaa. Kila sikukuu alinipitia na nyama, na mimi nilipomtazama akicheka mlangoni nilisema moyoni, basi, hili ndilo nililonunua kwa yale mawe. Siku kadhaa niliamini.

Misimu miwili ya kiangazi ilitosha kumaliza dhahabu. Draga ikahama. Sefu alikuja kwangu asubuhi moja, akakaa upande wa sikio zima, kwa hiyo nilijua ni jambo la maana.

“Yaya, iko mawe ingine?”

Nataka mjue namna ilivyokuwa. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwaza. Neno lilikuwa limekaa tayari mdomoni, sijui tangu lini.

“Hapana.”

“Fikiri vizuri. Weye unapenda kufikiri.”

“Nimefikiri. Hapana.”

“Basi nitarudi Kama,” akasema, bila hasira. Alikunywa chai, akaulizia mguu wangu uliokuwa na jipu, akaondoka.

Nilijiambia atapata kazi nyingine. Nilijiambia mchanga wa sasa si wa zamani, wana mbinu mpya. Nilijiambia kwamba nikimwita kesho bado hatujachelewa, na kesho yake nikajiambia hivyo hivyo. Alikaa Kama miezi minne. Miezi minne yote nilikuwa na neno la kumrudisha na sikulitoa, kwa ajili ya samaki wa urefu wa kiganja.

Walioniletea habari walinieleza vizuri, maana waliniheshimu kama mtu wa kazi. Ukuta wa shimo ulianguka. Walioshika kamba juu waliona mapovu yanaendelea kutoka, mengi, kwa mpangilio, wakasema Sefu anapumua, tusivute kwa nguvu tutakata bomba, tumsubiri ajichimbue. Walisubiri mapovu yale mpaka jua likawa kichwani. Shikeni hili hata kama mtasahau yote niliyoandika: mapovu si mtu. Kompresa inasukuma hewa, na hewa inatoka mwishoni mwa bomba, pawe na mdomo au pasiwe. Kamba isipojibu, vuteni. Mtakata bomba, mtavunja mkono wa mtu, vuteni.

Baada ya matanga nilikodi mtumbwi, nikaenda peke yangu juu ya mahali pa pili. Nilikuwa na miwani ya zamani na mkanda wa reli. Daktari alikuwa amenikataza, lakini si daktari aliyenizuia. Nilikaa pale tangu asubuhi nikitazama maji meusi yakiingia kwenye maji ya udongo. Kama samaki wapo, basi niliwapa mdogo wangu. Kama hawapo, kama mto ulishawafukia mwaka wowote kati ya miaka hiyo bila kuniambia, basi nilimtoa Sefu kwa mahali patupu. Sikuweza kuchagua ni lipi nililoogopa zaidi. Nilirudi mkavu.

Ndiyo, mawe mengine yapo, au yalikuwepo. Mmoja wenu aliniuliza mlangoni, na nikasema hapana kwa mdomo ule ule. Sitawaonyesha. Najua mngeandika kwa nia njema, mngeweka ramani, kama mimi nilivyoweka. Njooni kwangu kwa masikio, kwa kamba, kwa mamba. Hayo nitawafundisha yote.

Lakini sikuweza kuwapa nyinyi karatasi hizi kabla ya mwenye msiba kuzisikia. Jana nilikwenda kwa Mama Asha, mke wa Sefu. Alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisoma nikiwa nimesimama, kuanzia masikio mpaka hapo juu, na yeye hakuacha kutwanga. Nilipofika kwenye lile hapana nilisoma polepole ili asinielewe vibaya. Mchi uliendelea vilevile.

Nilipomaliza aliuliza, “Hao samaki, nani analinda? Baba ao mama?”

“Wote wawili. Wanapokezana.”

“Na mumoja akikosa?”

Nilijua jibu. Wakati wa vita niliwahi kumwona mmoja aliyebaki peke yake, wavuvi wamemchukua mwenzake. Niliandika kwenye daftari saa aliyoanza kuchoka.

“Hawezi, shemeji,” nikasema. “Akienda kula, wengine wanaingia wanakula mayai. Asipokwenda, anakufa njaa.”

Alitikisa kichwa kana kwamba nimemwambia bei ya chumvi. Kisha akaniletea mchi.

“Shika. Mikono yangu imechoka.”

Kwetu mwanamume hatwangi, na watoto wanne wa Sefu wakatoka ndani kuja kutazama. Nilitwanga vibaya, sombe ikaruka nje ya kinu, ikanipata miguuni. Mama Asha alikaa kwenye kigoda akinitazama. Hakunisahihisha.